Kazi za miji ziandikwe kwenye Katiba

Ndugu Mhariri,

Kila habari ya Katiba mpya inapoibuka, mjadala huishia kwa Rais, Bunge na tume ya uchaguzi. Halmashauri za miji hazitajwi, ilhali taka, mitaro, masoko, makaburi na taa za barabarani ndiyo serikali anayokutana nayo mwananchi akifungua mlango asubuhi. Nilikuwa karani wa mapato katika halmashauri mpaka nilipostaafu, na kwa uzoefu huo naomba tuitazame India.

Marekebisho ya 74 ya Katiba ya nchi hiyo yalipitishwa 1992 na kuanza kutumika tarehe 1 Juni 1993. Yaliongeza jedwali lenye kazi 18 za miji, kuanzia mipango miji na maji hadi machinjio. Uchaguzi ni kila miaka mitano, na viti visivyopungua theluthi moja ni vya wanawake. Halmashauri ikivunjwa, uchaguzi ufanyike kabla ya miezi sita kwisha. Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu zamani serikali za majimbo zilikuwa zikivunja halmashauri na kumkabidhi mji ofisa mmoja kwa miaka.

Sisi Tanzania tumeyaonja hayo. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa kwa mpango wa madaraka mikoani, uliowapa maofisa wa serikali kuu kazi zao, na halmashauri za miji zikarejeshwa 1978. Ibara ya 145 na 146 za Katiba yetu zinazitambua, lakini kazi zao kwa undani zimeachiwa sheria za Bunge, ambazo kuzibadilisha ni rahisi kuliko kuibadilisha Katiba.

Hata hivyo India wana ugonjwa ambao tunao pia: kazi za mji kupewa vyombo visivyo chini ya madiwani. Tarehe 18 Mei 1882 Lord Ripon, aliyekuwa mtawala mkuu wa Kiingereza huko, alitoa azimio kwamba wajumbe wengi wa halmashauri wasiwe watumishi wa serikali. Milango ikafunguka taratibu. Vallabhbhai Patel aliongoza halmashauri ya Ahmedabad kuanzia 1924 hadi 1928, kabla hajawa kiongozi wa taifa. Lakini tauni ilipoingia Bombay 1896, wakubwa hawakuiongezea nguvu halmashauri. Mwaka 1898 waliunda chombo cha pembeni cha kupasua barabara na kubomoa makazi yaliyosongamana. Mtindo huo haujafa. Katika jiji la Bengaluru maji yana bodi yake, na upangaji wa mji kwa miaka mingi ulikuwa na mamlaka yake, vyombo ambavyo havikuwa chini ya amri ya madiwani.

Nyuma ya nyumba yangu hapa Ngamiani kuna mtaro ambao mifuniko yake miwili imevunjika. Mchanga, majani ya mwembe na chupa za plastiki zimejaa hadi ukingoni, na masika maji yanaingia uani kwa jirani yangu, mama mjane anayepika vitumbua. Tulikwenda kuuliza. Ofisi moja ilisema mtaro ni wa barabara, barabara si yao. Ya pili ilisema taka ndizo zilizouziba, na taka si kazi yao. Diwani wetu alikuja, akasimama palepale, akaona kila kitu, na hakuwa na wa kumwamuru. Wakati huohuo kodi ya majengo inakatwa kwenye mita za umeme za LUKU tangu 2021, kwa hiyo mwenye nyumba hamjui hata wa kumdai.

Na maandishi peke yake hayatoshi. Baraza la Mumbai, ndiyo Bombay ya zamani, mojawapo ya halmashauri tajiri kuliko zote India, lilimaliza muda wake Machi 2022, na jiji likaendeshwa na ofisa wa kuteuliwa kwa zaidi ya miaka mitatu bila madiwani, Katiba ikiwa mezani. Tena kuhusu zile kazi 18, Katiba yao inaruhusu majimbo kuzikabidhi kwa miji, haiyalazimishi.

Kwa hiyo ninaloomba ni zaidi ya walilopata wao. Katiba yetu itaje kazi za miji na kulazimisha zikabidhiwe pamoja na fedha zake. Wakala yeyote anayefanya kazi ndani ya jiji aje mbele ya baraza la madiwani, aulizwe na ajibu hadharani. Uchaguzi ukicheleweshwa, mwananchi wa kawaida aweze kwenda mahakamani na kesi yake ipangiwe siku za kumalizika. Wabunge wetu wa Mkoa wa Tanga watuambie kupitia gazeti hili kama watayabeba haya.

Karani mstaafu,
Ngamiani, Tanga.