Sio kila spea ya kusubu ni feki

Mhariri, salamu kutoka Mtwara.

Naandika kuhusu ile barua ya msomaji mwenzetu juu ya spea feki, ambayo alimalizia kwa kusema kila spea iliyosubiwa upya (yaani iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye umbo) na mtu ambaye sio kiwanda chenyewe ikamatwe na isagwe. Hasira yake naielewa kabisa, mimi ni fundi injini na hizo feki nakutana nazo mezani kila siku, beringi inakuja kwenye boksi zuri lenye nembo ya watu halafu ikishafungwa haimalizi hata msimu mmoja wa korosho. Ila kwenye hili la kusubu kachanganya mambo mawili, kughushi nembo ya watu na kusubu, na tukimfuata tutaua ufundi ambao huku Kusini hata haujaanza vizuri.

Nianze na mfano wa mbali kidogo. Kuna zile Porsche 911 za zamani, gari za mbio za Kijerumani ambazo injini inakaa nyuma na inapozwa na upepo, hakuna rejeta wala maji, silinda sita zimelala tatu huku tatu kule. Gari ilionyeshwa mara ya kwanza 1963 na hiyo aina ya kupozwa na upepo ikatengenezwa mpaka 1998. Wazee waliokuwa wanafuatilia Safari Rally wanaikumbuka, 1972 na 1978 ilishika nafasi ya pili. Sasa bodi la injini yake, yaani ule mwili wa nje unaoshika krenki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni), ni vipande viwili vinavyokutana katikati kama ganda la njugu, krenki inalala kwenye maungio, na kila silinda inabanwa na stadi bolti nne, kwahiyo stadi 24 zote zimezama kwenye hilo bodi na ndio zinazobeba nguvu yote ya mlipuko.

Miaka ya mwanzo bodi lilikuwa aluminiamu iliyomiminwa kwenye mchanga. 1968 wakahamia magnesiamu ili gari iwe nyepesi, wakaokoa kama kilo 10 hivi. Injini ilivyokuwa ndogo ya lita 2.0 mambo yalikwenda, tabu ilikuja walipoipanua mpaka lita 2.7 kwenye modeli za 1974 hadi 1977, joto likapanda, hasa zile za Marekani zilizofungwa vifaa vya kuunguza moshi pale pale kwenye egzosti, magnesiamu ikalegea, stadi zikaanza kung'oka na resi zake (ile mikato ya skrubu inayozishika), bodi likajipinda na matundu ya krenki yakatoka kwenye mstari. Modeli ya Turbo ilianza na aluminiamu 1975, na ilipofika 1978 gari zote zikarudi kwenye aluminiamu.

Yale mabodi ya zamani yaliyobaki ndio hayo hayo, mafundi wanayatia resi za chuma, wanayachomelea, wanayaboa upya mstari wa krenki, ila bodi huwezi kuliboa milele, ukizidisha nyama inaisha. Ndipo karakana za Ulaya na Marekani zikaanza kusubu mabodi mapya kabisa, wanachukua vipimo vya lile la zamani, wanarekebisha palipokuwa na udhaifu, wanaongeza nyama penye stadi, wanamimina aluminiamu, wanachonga kwa mashine. Na watu wanaojua gari wanayanunua kwa hela nyingi tu bila kinyongo, kwa sababu aliyetengeneza kaweka alama yake mwenyewe. Pale pembeni ya feni ambapo kiwanda kiligonga namba ya injini yeye anapaacha patupu. Akitokea mjanja akagonga pale namba ya injini ya zamani akauza gari kama ni ya kiwandani, huyo ni mwizi na akamatwe, lakini wizi kaufanya na nyundo ya namba, sio na tanuri.

Mtu atauliza Porsche inatuhusu nini sisi huku. Inatuhusu kwa sababu kila kijiji cha Newala, Tandahimba, Nachingwea mpaka Liwale kinatembea kwa injini ya kupozwa na upepo yenye bodi la aluminiamu la vipande viwili, ni pikipiki tu, silinda moja badala ya sita. Na bodi linapasuka. Kesi ninayoiona sana ni mnyororo umechakaa, kijana kabeba gunia mbili za korosho anapandisha mlima wa Newala, mnyororo unakatika unajikunja kwenye sproketi ya mbele unatoboa bodi hapo hapo, oili yote chini. Anaenda dukani anaambiwa bodi peke yake halipo, chukua injini nzima. Kijana anayeendesha pikipiki ya mtu kwa mkataba hana hela ya injini nzima, kwahiyo anapaka gundi ya chuma, anasali, anaendelea.

Sasa hilo bodi linasubika. Ila nataka niseme ukweli kuhusu ugumu wake, maana hapa ndipo yule msomaji ana haki kidogo, ukiangalia jinsi sufuria zinavyosubiwa mitaani, skrepa ya kila aina kwenye chungu kimoja, kopo la soda, pistoni, fremu ya dirisha, unayeyusha unamimina, kwa sufuria inatosha ila kwa injini haitoshi hata kidogo. Bodi la injini linataka aluminiamu yenye mchanganyiko unaojulikana, ile inayotumika sana ina silikoni kama asilimia 7 na magnesiamu chini ya nusu asilimia. Silikoni inafanya chuma kitiririke mpaka kwenye kona nyembamba, magnesiamu kidogo inaipa uwezo wa kukomaa ikipikwa baadae. Ukichanganya skrepa hovyo chuma cha kawaida kinaingia kwenye mchanganyiko, bodi linakuwa linakatika kama biskuti na wewe kwa macho hujui.

Kabla ya kumimina kuna umbo la mbao linalogandamizwa kwenye mchanga ili liache nafasi yake. Aluminiamu ikipoa inasinyaa, karibu milimita 13 kwa kila mita, kwahiyo fundi mbao lazima achonge umbo kubwa kuliko bodi lenyewe kwa kiasi hicho, na aongeze tena nyama pale patakapochongwa na mashine, na kuta za umbo aziinamishe kidogo ili litoke kwenye mchanga bila kubomoa. Mti wa mkangazi unafaa sana kwa kazi hii, haujipindi pindi ukikauka. Na jamani, hii ndio kazi ambayo Mtwara tungeweza kuongoza nchi nzima! Wachongaji wetu wa Kimakonde wanachonga mpingo, mti mgumu unaovunja vyombo, wanatoa mnyororo wa watu walioshikana kwenye kipande kimoja kisicho na kiungo, mtu wa namna hiyo ukimpa mkangazi na mchoro wenye vipimo anashindwa nini? Tatizo hakuna aliyewahi kumpa huo mchoro, tumemuachia auze vinyago kwa watalii wanaokuja kwa msimu.

Halafu mchanga. Wengi wanadhani tuna bahari basi mchanga upo bure. Mchanga wa ufukweni una chumvi na vipande vya kombe, na punje zake hazishikani, lazima utafute mchanga safi uliooshwa, ukaukaushe, uchanganye na udongo wa kushikisha au gundi maalum. Yale matundu ya ndani, njia za oili na nyumba ya krenki, yanatengenezwa kwa viini vya mchanga vilivyookwa vikawa vigumu, ukimaliza kumimina unavivunja unavitoa. Kiini kikihama milimita mbili tu ukuta mmoja unakuwa mnene mwingine karatasi.

Na unyevu, huu ndio adui wa sisi watu wa pwani. Aluminiamu ikishayeyuka (inayeyuka nyuzi 660, unaimimina kwenye 700 na kitu) inanyonya haidrojeni kutoka kwenye mvuke wa maji, mvuke wa hewa, mvuke wa mchanga usiokauka, hata kijiko cha kukorogea kilicholowa. Ikianza kuganda ile gesi inatafuta pa kutokea, haipati, inaacha vitundu vidogo vidogo ndani ya nyama. Bodi kwa nje linang'aa, ukilifunga linatokwa jasho la oili. Wenzetu wanapitisha gesi ya agoni au naitrojeni ndani ya chuma kilichoyeyuka kuifukuza haidrojeni kabla ya kumimina. Wakimaliza wanaziba matundu yote ya bodi, wanajaza hewa ya presha, wanazamisha kwenye maji na kuangalia povu. Hilo jaribio la mwisho halihitaji teknolojia yoyote, beseni kubwa na kompresa ya kujazia matairi vinatosha, na mimi bodi lolote nililochomelea silifungi kabla ya kulizamisha. Bodi jipya pia linapikwa nyuzi kama 540 kwa saa kadhaa, linatumbukizwa kwenye maji ghafla, halafu linapikwa tena nyuzi 160 hivi kwa saa kadhaa. Bila hiyo hatua nyama inabaki laini na resi za stadi zitang'oka kama zile za magnesiamu.

Kuchonga ndio kunatenganisha fundi na mbabaishaji. Nyuso mbili za maungio zinasawazishwa kwanza, zinatiwa pini za kuzielekeza, vipande vinafungwa kwa bolti kwa nguvu ile ile itakayotumika kwenye injini, ndio sasa mstari wote wa krenki unaboliwa kwa mpigo mmoja. Kwenye injini kama ya ile Porsche tundu la krenki lina upana wa milimita 62, na kosa linaloruhusiwa ni kama milimita 0.02. Vipimo vya kwenye michoro duniani kote vinahesabiwa kwenye joto la nyuzi 20, sasa karakana ya bati hapa Mtwara saa saba mchana ni nyuzi 32 na zaidi, lile tundu la aluminiamu kwa joto peke yake limeshatanuka karibu milimita 0.017, yaani karibu kosa lote ulilopewa limeliwa na jua kabla kisu hakijagusa chuma. Ndio maana nasema mashine peke yake haitoshi, anatakiwa mtu anayejua kupima na kupiga hesabu ya joto, au chumba chenye kiyoyozi. Nina mafundi wenzangu wenye mikono mizuri kuliko yangu ambao hawajawahi kushika maikromita (kifaa cha kupimia sehemu ndogo za milimita), wanapima kwa kucha na kusikiliza sauti, na hawajakosea wao, hakuna aliyewafundisha.

Kwahiyo badala ya kusaga kila kilichosubiwa, mimi nina maombi. TBS (shirika la viwango) na SIDO (shirika la viwanda vidogo) wakae na sisi mafundi watuwekee utaratibu wa alama, kila bodi au spea iliyosubiwa hapa nchini iwe na jina la karakana, tarehe ya kumiminwa na aina ya aluminiamu, zimiminwe humo humo kwenye chuma sio stika. Asiyeweka, au anayeweka nembo ya kiwanda cha watu, huyo ndio ashughulikiwe. Vyuo vya ufundi vya VETA, Mtwara na Lindi vyote, wafundishe kusubu na kupima kama fani kamili, na kwenye somo la maumbo ya mbao walete wachongaji wa Kimakonde wafundishe na walipwe kama walimu. Na gesi ya Mnazi Bay inachakatwa Madimba hapa hapa kwetu, sioni kwanini kijana wa mtaa wa Chikongola mwenye tanuri aendelee kuyeyushia mkaa unaokata misitu ya Lindi wakati bomba limepita jirani, wanaohusika watuambie karakana ndogo inaunganishwaje na kwa bei gani.

Jambo la mwisho ni kwa vijana wa skrepa na wasubu sufuria, naomba Mhariri hili usilikate hata kama nafasi ni ndogo. Zile Volkswagen Beetle za zamani, ndugu wa hiyo Porsche, zilizoshinda Safari Rally zaidi ya mara moja, ya mwisho 1962, bado zipo zimekufa nyuma ya nyumba za watu, na injini zake zinaletwa kwenye mizani kama aluminiamu. Bodi lake ni magnesiamu. Ukilitupia kwenye tanuri linawaka moto mweupe unaopofusha, na ukimwagia maji ndio umeuongeza, utaruka na kukurushia chuma cha moto usoni. Kupima ni rahisi, kwanza linyanyue, ni jepesi kuliko ulivyotegemea, kisha kwangua sehemu mpaka ing'ae, dondoshea siki ya dukani. Aluminiamu itakaa kimya, magnesiamu itatoa povu papo hapo. Likitoa povu liweke pembeni, mbali na moto, wala usilikate na grainda maana hata vumbi lake linashika moto. Bodi zima ambalo halijapasuka usiliuze kwa kilo, kuna watu wanaozifufua hizo gari wanalitafuta kwa bei ambayo mizani haitakupa.

Fundi injini,
Chuno, Mtwara