Baraka, kabla hujatoa hela ya kadi

Mbezi, Dar es Salaam

Ndugu yangu Baraka,

Habari za Morogoro? Huku sote wazima, joto tu ndilo linatutoa jasho. Ujumbe wako niliupata nikiwa kazini, nikaona bora nikuandikie kwa utulivu, maana kwenye simu wewe hunisikilizi, unaruka moja kwa moja kwenye bei.

Unasema hela ya kadi mpya ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini ya kompyuta, ipo, na roho yako iko kwenye RTX 4060 kwa sababu binamu yako anayo. Kadi nzuri, sibishi. Inakula wati 115 tu, haipigi kelele. Lakini binamu yako ana mashine ya juzi. Wewe una Dell OptiPlex 9020, mtumba wa ofisini, na pawa saplai yake, lile boksi linalogawa umeme ndani, ni ya wati 290. Hiyo GTX 1650 yako inaishi humo kwa amani kwa sababu inavuta umeme wote kwenye sloti inapochomekwa, wati 75, bila waya wa ziada. Kadi za daraja la kati zinataka waya wa pini 8, na kwenye Dell yako huo haupo. Kwa hiyo hesabu ianzie kwenye pawa saplai, kadi baadaye.

Na hapo ndipo watu wanapigwa. Utakuta pawa saplai imebandikwa 600W kwa herufi kubwa, bei ya kutupa. Usizisome herufi hizo. Igeuze, tafuta jedwali dogo ubavuni, angalia mstari wa volti 12, halafu zidisha ampea kwa 12. Juzi nilishika moja ya namna hiyo: ampea 18. Hizo ni wati 216! Prosesa yako, ule ubongo wa kompyuta, ni i5-4590 ya wati 84, na kadi ya RTX 3060 ni wati 170. Imeshazidiwa kabla hujafika kwenye feni na hard disk. Chukua ya wati 550 ya jina linaloeleweka, pamoja na ule waya wa kugeuza pini 24 kuwa 8, kwa sababu plagi ya mazabodi (ubao mkuu) ya Dell si ya kawaida.

Umeona nimetaja RTX 3060. Ndiyo ninayokushauri, na ndiyo niliyofunga kwangu baada ya kuipumzisha GTX 1060. Ni ya mwaka 2021, najua, utaniambia nakuuzia uzee. Sikiliza: 4060 inaongea na mazabodi kwa njia 8 za kupitisha data, na kadi nyingine, RX 6600, vilevile. Kwenye mazabodi mpya hutajua tofauti. Yako ni PCIe 3.0, kizazi cha zamani cha njia hizo, kila njia ni nyembamba, kwa hiyo gemu likijaza zile GB 8 za memori ya kadi na kuanza kuchota kwenye RAM, memori ya kompyuta yenyewe, foleni yake ni ya Ubungo saa 12 jioni. 3060 ina njia 16 na GB 12. Intel Arc B580 usiiguse kabisa, japo nayo ina GB 12. Inahitaji Resizable BAR, yaani prosesa iweze kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo, na mashine ya umri wa yako haina.

Ila usitegemee miujiza kwenye kasi. Prosesa ya kori 4 itakubana, hasa mjini kwenye GTA V, watu na magari wakiwa wengi. Utakachofaidi ni sura: tekscha, zile sura za kuta, nguo na barabara, weka juu kabisa, hizo zinakula memori ya kadi, prosesa hazina habari nayo. Halafu funga fremu kwenye picha 60 kwa sekunde, si skrini yako ni ya hertz 60? Mwakani ukibadilisha mazabodi na prosesa, kadi na pawa saplai unahama navyo.

Ukienda kununua iliyotumika, hakikisha ni ya GB 12, kwa sababu ilitoka pia 3060 ya GB 8, na hiyo ni dhaifu hata kwa upana wa memori: biti 128, wakati ya GB 12 ina 192. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, ufungue GPU-Z, programu ya kutambua kadi. Kadi iliyobandikwa jina la uongo mara nyingi inaumbuka hapo hapo, neno FAKE linatokea kabla ya jina. Kwamba ilitumika kuchimba Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, mpaka 2022 mimi halinitishi sana. Naangalia feni kama zinayumba na kama skurubu zimechokonolewa. Akikataa kuiwasha, ondoka, usibembeleze.

Kabla ya yote, chukua rula upime ndani ya kasha kuanzia nyuma kwenye sloti mpaka kwenye kizimba cha hard disk. Za feni 3 zinakaribia sentimita 30, hazitaingia. Nitumie kipimo kabla hujapanda basi. Na usije Jumapili, yule jamaa wa Kariakoo hafungui.

Mama mpe shikamoo yangu.

Wako,
Issa