Amplifaya ya valvu haifai kwa kila spika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwatahadharishe wasomaji wanaonunua amplifaya za valvu, yaani vikuza sauti vinavyotumia mirija ya kioo, kwa kuvutiwa na ule mwanga wake wa rangi ya chungwa, kisha wakaziunganisha na spika zozote zilizopo sebuleni. Mimi nilifanya hivyo. Amplifaya yangu, yenye valvu moja ya aina ya 300B kila upande, hutoa wati 8 hivi, nami nikaifunga kwenye spika ndogo zinazotoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 83 tu kwa wati 1, ukizipima kutoka umbali wa mita 1. Kila taarabu ilipopamba moto, sauti ilikwaruza. Fundi akadai valvu zimechoka, nikanunua nyingine bure, tena kwa bei ya kuumiza.

Kumbe kosa lilikuwa la hesabu. Kila desibeli 10 za ziada hudai nguvu mara 10, kwa hiyo spika ya desibeli 93 hufikia kwa wati 1 kiwango ambacho zangu zilihitaji wati 10, nazo amplifaya haina.

Vilevile mtu atazame nyuma ya amplifaya, penye vifungio vilivyoandikwa 4, 8 na 16. Hizo ni omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, na spika ya omu 8 ifungwe penye 8, maana transfoma ya kutolea sauti imesukwa kwa uwiano huo. Wala muziki usipigwe spika zikiwa zimechomolewa, jambo ambalo sisi tuliozoea amplifaya za transista, zisizo na valvu, husahau, kwani transfoma hiyo inaweza kuungua.

Msomaji wako,
Tanga