Msilinganishe Lang'ata ya jana na ya leo

Mhariri,

Wachanganuzi wengi huweka matokeo ya uchaguzi ya eneo bunge la Lang'ata, Nairobi, ya 2007 kando ya yale ya 2013 kana kwamba ni eneo moja. Sivyo. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilipoongeza maeneo bunge nchini kutoka 210 hadi 290, Kibra ilimegwa kutoka Lang'ata na kuondoka na Laini Saba, Lindi, Makina na Sarang'ombe, yaani kapu lenyewe la kura za Raila Odinga. Lang'ata ikabaki na wadi kama Karen, Mugumo-ini na Nairobi West.

Ndiyo maana Nixon Korir wa chama cha Jubilee aliweza kushinda Lang'ata 2017, huku Ken Okoth akihifadhi Kibra kwa tiketi ya ODM, chama cha Raila. Wapigakura hawakugeuka, mpaka ndio uliosogea.

Anayetaka ulinganisho wa haki ajumlishe kura za maeneo yote mawili, au ashuke hadi kituo cha kura. Asisahau pia chaguzi ndogo: ule wa Lang'ata, 1997, Raila alipohama chama cha FORD-Kenya kwenda kile cha NDP, na wa Kibra, Novemba 2019, baada ya kifo cha Okoth.

Msomaji,
Nairobi