Mafundi acheni kuziba sanrufu kwa silikoni, kutu inaanzia kwenye maji yaliyokosa njia

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee kitu kinachowatesa watu wengi wenye magari ya zamani huku kwetu nyanda za juu kusini, yani kutu ya sanrufu, kile kidirisha cha kwenye paa kinachofunguka. Pita Mwanjelwa, pita Mafiati hapa Mbeya, utaziona Benzi za miaka ya 80 na 90, BMW, Crown za zamani, injini bado iko safi kabisa lakini juu pembeni ya sanrufu rangi imevimba malengelenge, au bati limeshatoboka na mwenye gari kabandika nailoni kwa selotepu. Nyingine zinaishia kuuzwa skrepa kwa sababu ya paa tu, gia nzima, difu nzima, viti vya ngozi vizima. Hilo linaniuma sana maana magari yale hayatengenezwi tena na mtu wa kawaida angeweza kuliokoa la kwake hapo hapo nyumbani.

Shida inaanzia kwenye uelewa. Watu wengi, mafundi wakiwemo, wanaamini ile raba ya sanrufu kazi yake ni kuzuia maji yasipite kabisa, sio hivyo. Waliotengeneza walijua maji kidogo yatapita tu, ndo maana chini ya kile kifuniko kuna trei ya kuyapokea na kwenye kona za trei kuna matundu yaliyounganishwa na mipira myembamba, ya mbele inashuka ndani ya nguzo za kioo cha mbele, ya nyuma inashuka nguzo za nyuma, maji yanamwagikia nje chini. Mipira ikiwa wazi unaendesha kwenye mvua ya Tukuyu na ndani panabaki pakavu. Ikiziba maji yanalala kwenye trei, yanapanda kwenye kingo za bati ambako rangi ya kiwandani ni nyembamba, na ule utepe wa kitambaa unaozunguka kifuniko unabaki na unyevu muda wote. Hapo ndo kutu inapozaliwa, kutoka ndani kuja nje, ukiona lengelenge juu ujue chini kazi imeanza zamani.

Na huku kwetu vitu vya kuziba vipo vya kutosha. Mbeya mjini ni majani na maua ya jakaranda, Mafinga na Sao Hill ni zile sindano za paini, alafu vumbi la kiangazi linakuja juu yake, mvua za Novemba zikianza linakuwa tope.

Gari yangu ni Benzi W124, ile modeli iliyoanza kutoka 1984. Nilipeleka gereji moja hapa mjini kwa malengelenge mawili matatu tu, wakapiga msasa juu juu, wakajaza pati, ile lipu ya kusawazishia bati, wakapaka rangi, alafu wakazungushia sanrufu silikoni pande zote ili “isivuje tena”. Masika yaliyofuata kapeti ya mbele ikawa inachuruzika. Nilipoamua kufungua mwenyewe ile pati ilibanduka kipande kizima kama ganda la yai, upande wa chini umejaa unga wa kutu, na kwenye kona ya trei nikakuta udongo mweusi umejaa majani ya jakaranda yaliyooza, ukiminya unatoa maji. Yani walifunga mlango maji yakiwa ndani.

Pati ni poliesta, inanyonya unyevu, kuiweka juu ya kutu ni kuilisha kutu. Na ile silikoni ya madirisha yenye harufu ya siki ikiwa inakauka inatoa asidi, hiyo asidi inakula bati. Kwa hiyo mteja analipia ugonjwa.

Kwa anayetaka kufanya nyumbani, anza na maji kabla ya kugusa rangi. Fungua sanrufu, mimina kikombe cha maji taratibu kwenye kona moja ya trei, mtu mwingine achungulie chini yanatokea wapi, fanya kila kona. Isiyotoa pitisha waya wa ndani wa breki ya baiskeli, unapinda vizuri, au mshipi mnene wa kuvulia samaki, usitumie waya mgumu wala upepo mkali wa kompresa maana mpira unaweza kuchomoka huko ndani ya paa na kuurudisha itabidi ushushe dari yote.

Baadae ndo uje kwenye kutu. Weka alama kifuniko kilipokaa kabla hujafungua skrubu, kwa sababu kikirudi kimekaa juu sana mbele kitapiga kelele za upepo barabara nzima, kawaida ukingo wa mbele unakuwa chini ya paa kidogo sana na wa nyuma juu kidogo sana. Funika viti na dari. Kwangua kwa brashi ya waya na msasa namba 80 mpaka ukutane na bati linalong'aa pande zote, usisimame pale malengelenge yanapoishia, endelea mpaka rangi yenyewe imeshika bati. Vishimo vidogo vyeusi ambavyo msasa haufiki paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, fuata maelekezo ya kwenye chupa, kausha kabisa. Chukua bisibisi ugonge gonge, ikizama hapo hakuna bati tena na hakuna dawa itakayorudisha.

Panapotoboka panataka kukatwa na kuchomelewa kipande, na hapa mnisikilize vizuri, bati la paa halifiki hata milimeta moja, moto wa gesi unalipinda lote, tafuta fundi mwenye mashine ya CO2, ile ya kuchomelea kwa waya na gesi, achome nukta nukta akipumzisha. Betri itolewe waya, dari ya kitambaa ishushwe, na maji au mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, kile kitambaa na gundi yake vinashika moto haraka mno.

Bati likiwa safi usiliache lilale, umande wa Uyole usiku mmoja tu asubuhi unakuta rangi ya chungwa imerudi. Siku hiyo hiyo piga epoksi praima, yani rangi ya msingi ya epoksi, sio praima ya kawaida maana ile ya kawaida inapitisha unyevu. Pati kama inahitajika iwe nyembamba na ije juu ya epoksi. Na kingo za ndani ya sanrufu, ambazo hakuna anayeziona, ndo zipate rangi ya kutosha kuliko hata juu.

Msimu nao una maneno yake. Juni na Julai baridi yetu, na ya Njombe na Makete ndo usiseme, inafanya epoksi isikauke inavyotakiwa, mvua nazo unazijua. Mimi napendelea Septemba na Oktoba, jua lipo, ila mwagia maji uwanja kwanza vumbi litulie. Rangi zile za kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuikausha, kama huna barakoa ya vichujio waachie wenye vifaa, moshi wake unaharibu mapafu kweli na zile barakoa za kitambaa hazisaidii chochote, nimeona vijana wengi wanapiga bila kitu puani na inasikitisha.

Ombi langu kwa mafundi bodi wetu, mteja akileta malengelenge ya sanrufu mwambieni ukweli kwamba kuna kazi ya mipira kwanza, mtozeni hela yake na hiyo kazi, wengi tutalipa. Na VETA hapa Mbeya kama inawezekana waweke kozi fupi ya jumamosi ya kutu na epoksi kwa sisi wenye magari, sio lazima cheti, nina hakika watu watajaa kutoka Iyunga mpaka Uyole na mimi nitakuwa wa kwanza kuleta gari itumike kufundishia.

Msomaji wako,
Uyole, Mbeya