Kwa nini nyama mbichi tunayomwandalia mbwa wako haiuzwi kwa bei ya mapupu

Lalamiko tulilolisikia tena wiki iliyopita, safari hii kutoka kwa mteja wa Tegeta aliyefika dukani akiwa na hasira, ni kwamba tunawapunja watu kwa kuwauzia kilo ya mchanganyiko wetu kwa bei inayozidi maradufu ile ya kilo ya mapupu buchani. Aliongeza kwamba nyama yetu ilikuwa imeoza, kwa kuwa mbwa wake aliharisha usiku uleule. Tulipomuuliza mbwa alikuwa akila nini hapo awali, alijibu kwamba amekuzwa kwa ugali wa dona na dagaa, na kwamba siku hiyo alipewa pakiti nzima ya kilo 2 kwa mlo mmoja.

Mbwa mzima mwenye uzito wa kilo 30 hula asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 600 hadi 900, kwa hiyo huyo alikula zaidi ya maradufu ya posho yake, tena ya chakula ambacho tumbo lake halijawahi kukutana nacho. Ndiyo maana tunasisitiza aanze na robo ya nyama na robo tatu ya chakula alichokizoea, kisha nusu kwa nusu, hadi mabadiliko yakamilike katika siku ya 10. Kinyesi kikilainika, rudi hatua moja nyuma. Kikiwa cheupe, kikavu na kinachomeguka kama chaki, mifupa imezidi. Maelezo hayo yamo kwenye kila pakiti, na muuzaji huyarudia kwa mdomo.

Katika kilo moja tunaweka gramu 800 za mnofu na moyo wa ng'ombe, gramu 100 za mifupa mibichi ya shingo za kuku iliyosagwa, gramu 50 za ini, na gramu 50 za figo au bandama. Ini hatuliongezi hata linapokuwa rahisi sokoni, kwa sababu vitamini A iliyomo hujilimbikiza mwilini na ikizidi hudhuru. Mifupa nayo haipunguzwi, kwa kuwa mnofu una fosforasi iliyo zaidi ya mara 10 ya kalsiamu, na mbwa anayelishwa mnofu mtupu huichota kalsiamu hiyo kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Kijana mmoja wa Kigamboni alimlisha mtoto wa German Shepherd steki safi isiyo na mfupa, kwa mapenzi matupu, hadi miguu ya mbele ikapinda na mnyama akawa analia akiguswa. Eksrei ilionyesha ufa kwenye paja, na gharama ya matibabu ingemlisha mbwa huyo kwetu kwa miezi mingi. Wengine hujaribu kuziba pengo hilo kwa mifupa iliyobaki kwenye nyama choma, ambayo kwa kuwa imeiva hupasuka vipande vikali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Hata hivyo, njia ya mkato inayotutisha kuliko zote ni hayo mapupu yenyewe, hasa yanayouzwa kwa siri baada ya mkaguzi kuyakataa. Mapafu na maini ya ng'ombe, mbuzi na kondoo ndimo hukaa vifuko vya maji vya tegu mdogo ambaye mbwa akimla hukomaa tumboni mwake bila mbwa kuonyesha dalili yoyote, kisha mayai hutoka na kinyesi, hushika kwenye manyoya na mikono ya watoto, na binadamu akiyameza huota vifuko vilevile kwenye ini au mapafu, vikikua polepole kwa miaka. Huko Turkana, kaskazini mwa Kenya, ugonjwa huu uliwatesa watu kiasi kwamba Amref iliendesha mpango maalumu wa kuudhibiti katika miaka ya 1980.

Sisi hununua nyama yenye muhuri wa mkaguzi tu, mapupu hatuyatumii kabisa, na kila ini hukatwa vipande vya unene wa kidole na kupapaswa. Kifuko huonekana cheupe, kigumu kidogo, na kikichomwa hurusha maji maangavu. Ini la namna hiyo huchomwa moto lote, na hasara ni yetu. Baada ya hapo nyama hukaa kwenye friza kwa nyuzi -20 kwa siku 10, umeme ukikatika jenereta linawashwa, na mafuta ya jenereta hilo yamo ndani ya bei unayoilalamikia. Ubaridi huo huwaua tegu walio kwenye vifuko, lakini bakteria kama salmonela hubaki hai, kwa hiyo bakuli na mikono vioshwe kwa sabuni kila baada ya mlo. Mbwa aliyewahi kula mapupu mabichi apewe prazikwanteli, dawa ileile inayotibu kichocho, kwa kipimo cha daktari wa mifugo, na anayeendelea kuyapata mitaani airudie kila baada ya wiki 6.

Nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito au mgonjwa mwenye kinga dhaifu hatuiuzii nyama mbichi hata mteja akisisitiza. Huyo tunamwandalia mnofu na ogani zilezile zikiwa zimechemshwa, na mahali pa mifupa tunaweka unga wa maganda ya mayai, kwa bei ileile.