Kanda za zamani zisibanwe hadi zikapoteza sura

Mhariri,

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, na baadhi yetu bado tunazo majumbani kanda za VHS tulizorekodia taarabu, maulidi na michezo ya kuigiza, ambazo mwaka hadi mwaka zinaota ukungu kwa unyevu wa pwani. Nilimpelekea fundi mmoja kanda zangu azigeuze kuwa faili, naye kwa kubania nafasi akazibana mno kwa H.264, njia ya kupunguza ukubwa wa faili za video, hata nyuso za waimbaji zikawa miraba mitupu. Kanda zenyewe, ajabu, alikwishazitupa. Kinachopotea kwa mbano wa namna hiyo hakirudi, na kuibana upya faili hiyo kwa H.265, njia mpya zaidi iliyoifuata H.264, ingawa huipunguza ukubwa, ni kuongeza hasara juu ya hasara. Nakala ya kuhifadhi ni bora iwe katika muundo wa FFV1, unaobana bila kupoteza kitu, na ile ndogo iwe ya kutazamia tu. Diski nazo hufa, tena bila kuaga, hivyo nakala moja ikae Unguja na nyingine Pemba.

Msomaji wenu,
Chake Chake, Pemba